Nabii Khidhri Apitie Magofuni

Alhamisi, 1 Mei

Mwanangu Poyraz hajalala. Ni jino tena. Nikiingiza kidole kulitafuta, ananing'ata.

Yakup amerudi mchana na uso wa mtu aliyekalia kofia ya mkwewe. Nikamuuliza kuna nini. Hakuna kitu, akasema. Nikauliza tena, safari hii nikiwa na mwiko mkononi. Akatapika yote.

Wamepiga simu kutoka makumbusho ya mkoa. Wanasema magofu yetu hayana wageni, kwa hiyo kwa nini wamlipe mlinzi wa kuwalinda vyura? Kila mtalii anakwenda ng'ambo ya mlima, kwenye ule mji mwingine wa Wayunani wa kale wenye nguzo zilizosimama na duka la kofia. Sisi Taşlıburun tuna ukumbi wa mawe uliobaki nusu, bandari iliyogeuka dimbwi, na nguzo zilizolala chini kama miwa iliyokatwa. Jumanne anakuja mkaguzi. Akikuta patupu, lango litatiwa mnyororo na kufuli, na Yakup atahamishiwa bara, nyuma ya milima, awe anakuja nyumbani sikukuu kwa sikukuu.

Ndivyo tulivyoandikiwa, akasema mume wangu. Kisha akaomba supu.

Ameandikiwa yeye. Mimi sijaandikiwa!

Huyu mtoto halali nyumbani. Kuna televisheni ya mama mkwe, kuna jogoo, kuna mama mkwe mwenyewe. Analala mahali pamoja tu duniani: kwenye ule ukumbi wa mawe, kwenye ngazi za kukalia, daraja la tatu kutoka chini, upande wenye kivuli, pale upepo wa bahari unapopenya kwenye ukuta uliobomoka. Namlaza juu ya blanketi, anapepesa macho, anazimika. Na mimi nazimika pembeni yake. Tangu nijifungue sina usingizi mwingine. Waliojenga pale walikuwa na michezo yao na wafalme wao, Mungu awape walichostahili, lakini sasa ni chumba cha mwanangu. Hakuna atakayekitia kufuli.

Mama mkwe Fitnat anasema zama zake watoto walilala popote, hata juu ya punda. Nikamwambia basi, mama, tuletee huyo punda.

Ijumaa, 2 Mei

Mpango umeanza. Nilikuta rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka madirisha. Nikachukua ubao, nikaandika kwa herufi kubwa: MJI WA KALE. CHAI. USINGIZI MZURI. Nikachora mshale, nikausimika njia panda ya barabara kuu, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, nyundo mkononi.

Na wamekuja! Waholanzi wawili, mume na mke, kwa baiskeli. Walizunguka magofu yote. Wakapiga picha nguzo, wakapiga picha vyura, wakampiga picha Poyraz amelala mdomo wazi. Wakanywa chai. Nikawapenda kama ndugu.

Walipoaga nikafanya anavyofanya kila mtu mwenye adabu akitaka mgeni arudi: nikanyakua jagi nikamwaga maji nyuma yao, waende kama maji na warudi kama maji. Ila niliharakisha. Hawakuwa wameanza kupiga pedali. Mume aliyapata yote, shingoni mpaka kiunoni. Mke akapiga ukelele. Wakaondoka mbio kama waliofukuzwa na mbwa.

Yakup anasema sasa watatuandika vibaya mtandaoni. Nikamwambia waandike. Wenye akili watakuja kuona wenyewe.

Jioni likaja kubwa zaidi. Upepo umeugeuza ubao. Tangu adhuhuri ulikuwa unaelekeza kwa wifi yangu Nazmiye, dada mkubwa wa Yakup. Familia nzima ya watalii imeteremka na gari uani kwake. Kawapa chai, kawachemshia mayai, kawatembeza kwenye banda la kuku, nao wakalipiga picha banda. Amekuja mwenyewe kutusimulia, anacheka mpaka kilemba kinamwanguka. Ati Rukiye mwanangu, mji wako wa kale ndio huu wenye majogoo wangu?

Yakup naye akacheka. Nimekiona kicheko hicho.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata! Imenijia nikisuuza nepi.

Jumanne ni Hidirellez. Siku Nabii Khidhri anayopita duniani, anapokanyaga pakawa kijani. Kijiji kizima hutoka na masufuria na bembea, na wanawake hujenga vijumba vya mawe madogo chini kumwonyesha wanachokitaka. Kila mwaka tunakaa kwa wifi Nazmiye, chini ya miforosadi yake, na kila mwaka anatembea katikati yetu kama mke wa gavana. Sasa nani kasema Nabii Khidhri anapenda miforosadi? Kijiji kizima, siku ile ile ya mkaguzi! Wakikaa magofuni, yule mkaguzi atakuta umati ambao ng'ambo ya mlima hawajawahi kuuona.

Lakini ukiwaambia watu wa hapa hamieni kule, watakuuliza wewe ni nani. Inahitajika ndoto.

Nikaenda kwa Sakine wa tanuri la mikate. Nikamwambia nina siri, nikamwapisha asimwambie mtu, maana hakuna njia ya haraka zaidi. Nimemwota Nabii Khidhri, nikasema. Yuko juu ya farasi wa kijivu. Kaingia lango la magofu, kampita Yakup, kateremka kwenye soko la kale la Wayunani, kasema: hapa. Sakine akaweka mkono kifuani. Akauliza farasi alikuwa na tandiko? La kijani, nikamwambia. Akauliza tena, je, Nabii alisema lolote juu ya mwanawe yeye Sakine, ataoa lini? Nikasema aligeuka kama anayetaka kusema, ndipo Poyraz akalia. Ni vizuri kubakiza kidogo.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshaipata habari, na farasi ameshaota mabawa.

Sikuota kitu, bila shaka. Ili uote sharti ulale.

Jumapili, 4 Mei

Ushindi wangu umeishi mpaka chai ya asubuhi. Wifi naye ameota!

Amepita nyumba kwa nyumba na sahani ya majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, anasimulia huku anagawa. Nabii Khidhri wake alikuja kwa miguu, mnyenyekevu, akakaa chini ya mforosadi, akala majani haya haya, akaomba aongezwe. Kijiji kimegawanyika. Yangu ina farasi, yake ina chakula. Wakamwendea mama mkwe awaamue. Akafumba macho, akafikiri, akasema ndoto ambayo nabii amekula ni nzito kuliko ambayo amepita tu. Mama wa Nazmiye huyo! Nilitegemea nini?

Nikambeba mtoto nikaenda zangu ukumbini. Nikampandisha daraja la juu kabisa ili nisionane na mtu, akalala kwa shida, upepo kule ni mkali. Mara wifi na Sakine wakaingia chini, wanachuma mboga mwitu kati ya mawe. Wakasimama katikati, juu ya lile jiwe la duara, wakaanza kunong'ona. Hawajui lile jiwe. Waliojenga pale walijua kazi yao: ukinong'ona chini, wa juu anasikia kama umemmiminia sikioni.

Sakine kauliza, ati kweli Rukiye ameota? Wifi kasema, ataota saa ngapi, masikini, macho yote mekundu kama pilipili, tangu azae hajalala. Na wewe, dada? Mimi nililala vizuri sana, kasema wifi, ila niliota nimepoteza kiatu. Wakacheka mpaka mboga zikamwagika.

Nilitaka kusimama nipige kelele. Poyraz alikuwa amelala. Nikauma blanketi.

Halafu wifi akaongeza, na hili alilisema kwa huruma, ndilo lililonichoma zaidi. Kasema kama Yakup atakwenda bara, aende tu. Yule binti na mtoto watahamia kwangu. Nitamfundisha huyo mtoto kulala kitandani, mlango umefungwa, alie mpaka achoke. Wiki moja tu, utaona.

Mwanangu! Mlango umefungwa!

Jumatatu, 5 Mei

Leo ni zamu yetu ya maji. Mfereji unapita kwanza shambani kwa wifi, penye miforosadi, ndipo ushuke kwenye maharage yetu. Kuna ubao pale wa kufungulia maji. Niliuinua ili maharage yapate, Poyraz akalia, nikakimbilia kwa mtoto, nikasahau kuurudisha.

Hivyo ndivyo nitakavyosema. Na Poyraz alilia kweli, Mungu shahidi.

Kufika alasiri chini ya miforosadi palikuwa kama shamba la mpunga. Bembea zinaning'inia juu ya maji. Bata wamehamia. Wifi yumo katikati, jembe mkononi, sketi kaipandisha magotini, anauliza mbingu na ardhi: ni nani? Ni nani? Wanawake wakaja, wakaangalia, wakaguna. Hapa hapakaliki, wakasema, kesho twendeni magofuni. Sakine akasema kwa sauti kwamba ndoto ya Rukiye imetoka. Wakanitazama. Nikainamisha macho kama mtu wa dini. Mama mkwe amenipa kile kiti chenye mto!

Ila maji hayasimami pale unapotaka. Yalijaza kwa wifi, yakateremka kwetu yote kwa pamoja. Yakup nilimkuta ukingoni, mikono nyuma, anaangalia miche yake ya maharage inavyoelea kwenda baharini. Akaniuliza taratibu kama hilo nalo Nabii Khidhri aliniambia.

Maharage yatapandwa mengine.

Jumanne, 6 Mei

Naandika huku nikimbembeleza Poyraz, kwa hiyo mwandiko ni huu huu.

Asubuhi ilikuwa asubuhi ya ndoto yangu, kama ningeiota. Kijiji kizima! Masufuria, mikeka, ngoma, moshi wa nyama. Bembea juu ya mtini uliootea kwenye lango la Wayunani. Watoto wamejaa ukumbini wanaimbiana kutoka juu mpaka chini. Yakup na shati lililopigwa pasi amesimama langoni, anawakaribisha majirani zake mwenyewe kama hajawahi kuwaona. Wifi kaja wa mwisho na sufuria kubwa kuliko zote. Hakunisalimia. Alinipakulia, lakini hakunisalimia.

Ikafika saa ya vijumba. Magofuni kuna mawe kila mahali, lakini hayo yanahitaji ng'ombe wa kuyavuta. Tunataka madogo. Ndipo binti za wifi wakaja wanaburuta kreti za plastiki walizozikuta nyuma ya kibanda cha Yakup, chini ya turubai. Vijiwe! Vidogo, vya mraba, safi, vyekundu, vyeupe, vyeusi, vya buluu, kana kwamba kuna mtu alivikata kwa ajili ya kazi hii. Wanawake walipiga vigelegele. Yakup alikuwa langoni, hakuona. Kuhusu zile kreti aliwahi kunisimulia jambo, siku moja nikinyonyesha. Nilisinzia kabla hajafika mwisho.

Nilijenga nyumba. Ukuta mweupe, mlango wa buluu, chumba chetu, chumba cha Poyraz, dirisha la kutazama bahari. Mama mkwe akasimama juu yangu muda mrefu. Akauliza, mkwe, na mimi je, nalala wapi? Nikamwongezea kibanda cha nyuma. Akasema hakina dirisha. Nikamtobolea.

Wifi alijenga ghorofa. Nikazungushia yangu ukuta na geti. Akaweka roshani. Nikaweka bustani. Akaweka gereji, na ndani ya gereji gari. Nikachukua vya buluu vyote vilivyobaki. Akasema mtu mzima huna haya, unapora mawe kama mtoto! Nikamwambia ujenzi ndivyo ulivyo, dada, kila mtu na kiwanja chake. Pembeni Sakine alikuwa anamjengea mwanawe mchumba, na tayari alikuwa amemfanya mnene.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyotukuta.

Bibi Bedia, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana. Nikamkimbilia na chai. Nikasema karibu, afisa, ona wageni! Kila siku tuko hivi. (Kila siku!) Hakuipokea chai. Alikuwa anatazama chini. Soko lote la kale, kutoka ukuta mpaka ukuta, lilikuwa mtaa wa vijumba. Akauliza kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa, hivi vijiwe vimetoka wapi. Wifi, akiwa bado amechuchumaa na fahari yake, akamwambia vipo tele kwenye kreti, kaa na wewe ujenge, mwanangu, omba nyumba.

Kumbe ilikuwa sakafu. Sakafu ya bafu lao la kale, picha ya mwanamke na samaki zake. Ilikuwa imebomoka, na wataalamu walikuja majira baada ya majira wakachekecha udongo, wakatenga kila kipande kreti yake kulingana na pale kilipotoka, ili siku moja picha irudishwe. Sasa yule mwanamke alikuwa gereji ya wifi yangu, na samaki walikuwa geti langu.

Bibi Bedia akakaa juu ya nguzo. Nikampa tena chai. Safari hii aliinywa kwa pumzi moja. Yakup kaja mbio, kaona, kawa mweupe kama mtindi. Ngoma ikanyamaza. Akaanza kumwambia mkaguzi kwamba kosa ni lake, yeye ndiye mlinzi.

Nikasimama mbele yake. Nikasema afisa, hawa watu nimewaita mimi. Mume wangu hakujua. Unikaripie mimi, nipo, siendi popote. Lakini lango hili usilifunge. Mlisema hapana watu: watu ndio hawa. Bibi zetu walichunga mbuzi hapa, sisi tumecheza hapa, mwanangu analala pale, mtazame. Mahali penye watu hapafungwi!

Akaniuliza taratibu: yaani baada ya haya yote, wewe ndiye unaniomba nisilifunge?

Siombi, nikamwambia. Nakwambia.



Wote tukamgeukia Poyraz kule kwenye daraja lake la ukumbini. Amelala chali, mikono juu, na inzi puani.

Jumatano, 7 Mei

Bibi Bedia alilala kwetu, kwenye kochi, maana alikuwa na simu nyingi za kupiga na hoteli hapa hakuna. Poyraz alimfanyia alichonifanyia mimi tangu azaliwe. Asubuhi mkaguzi alikuwa na macho mekundu kama yangu. Aliposikia mtoto anaanza tena, alimchukua mwenyewe, akavaa viatu, akaenda naye ukumbini bila kuaga. Nilipowafuata nilikuta wote wawili wamelala, kofia imemfunika mtoto.

Alipoamka akatoa hukumu, wote tumesimama.

Mahali palipovurugwa namna hii hapawezi kuachwa bila mlinzi, akasema. Yakup anabaki. Amepata karipio kali, lakini anabaki. Lango halifungwi mpaka kijiwe cha mwisho kirudi kwenye kreti yake. Wote waliojenga watakuja kuchambua, rangi kwa rangi, ukubwa kwa ukubwa, kisha wataalamu watakuja kumtafuta mwanamke na samaki zake. Kazi ikiisha, suala la kufunga litaangaliwa upya.

Lango halifungwi! Kama nilivyopanga tangu mwanzo. Njia ilizunguka kidogo, basi.

Nilimwambia wifi. Akasema wewe Rukiye unahitaji daktari. Halafu akamchukua Poyraz mikononi mwangu nipate kula, na alimshika vizuri, lazima niseme. Nikamwambia mlango wa chumba cha mwanangu haufungwi na mtu. Akaniangalia kwa mshangao, anajiuliza nimejuaje. Akasema sawa, mwanangu, haufungwi. Kula.

Yakup ameniapisha nisiote tena. Nimeapa.

Ijumaa, 9 Mei

Nilidhani kuchambua kutachukua mpaka Poyraz aoe. Vijiwe ni vingi kama mchele wa harusi, na wanawake wetu wakikaa pamoja mdomo hufanya kazi kuliko mikono.

Sikumhesabu wifi. Yule mtu akifanya kazi, anafanya kazi! Anaona haya kwa ajili ya ile gereji, na isitoshe anataka jina lake lifike kwa Bibi Bedia. Amewapanga wanawake kwa safu. Wa vyekundu hapa, wa vyeupe pale, anayeongea sana anapelekwa kwenye vyeusi. Kreti zinajaa moja baada ya nyingine. Adhuhuri Yakup alikuja kunipa habari njema, amefurahi kama bwana harusi: kwa mwendo huu, mwezi hautaisha kabla hawajamaliza.

Mwezi hautaisha! Na baada ya hapo? Suala litaangaliwa upya. Simu kutoka mkoani, mnyororo, kufuli, bara. Mume wangu haoni mbali. Nampenda, lakini haoni mbali.

Wifi alinipigia kelele kutoka chini. Ati Rukiye, mama wa fitina, shuka basi na wewe, ushike hata kijiwe kimoja! Nikamjibu nakuja, dada, nakuja, acha mtoto azame usingizini kwanza.

Akazama. Wakaenda kula, wote, kule kwenye kivuli cha mtini. Nikateremka polepole, viatu mkononi. Nikachukua ndoo ya vyekundu nikaimimina kwenye kreti ya vyeupe. Nikaongeza vyeusi kidogo, visijisikie wapweke. Nikachanganya kwa mikono miwili, taratibu, kutoka chini kuja juu, kama ninavyochanganya unga wa mkate.

Nimerudi daraja la tatu. Poyraz hajageuka hata ubavu. Upepo ni mzuri, na mimi mwenyewe macho yananifunga.

Kesho nitaanza na samaki.